Mama Korlekuor, Aliyeogopa Kufa Chumvi Ikiwa Imelala

Ndugu, jamaa na majirani wa Narhkope, poleni kwa msiba. Mimi ni Dede, mtoto wa kwanza wa marehemu. Nimepewa kazi ya kusoma maisha ya mama yetu, nami nitayasoma upesi kuliko alivyostahili. Sababu mnaijua, maana hakuna hata mmoja wenu aliyeingia hapa bila kutazama anga kwanza. Naandika haya Jumatano alasiri kwenye meza yake, dirisha likiwa wazi upande wa bahari. Kila nikimaliza sentensi nachungulia lile wingu. Mkikuta neno limerudiwa au limerukwa, mnisamehe. Fundi wa uchapaji kule Sege anataka karatasi yake kabla hajafunga duka.

Mama Felicia Korlekuor alizaliwa hapa hapa Narhkope tarehe 11 Machi 1946, mtoto pekee wa Mzee Narteh Amanor, mvuvi wa mto Volta, na mkewe Dakuor. Dakuor hakukaa na mwanawe zaidi ya alasiri moja. Damu haikukatika, na jua lilipozama alikuwa ameshaaga. Hilo peke yake lingetosha kumpa mtoto huzuni ya maisha. Lakini mwezi ulikuwa Machi, na chumvi ilikuwa imelala ziwani, nene, kutoka ufukweni mpaka macho yanapokoma.

Wageni wanivumilie kidogo. Sheria ya ziwa letu haijabadilika tangu wakati huo. Kuhani wa ziwa akishachomeka ukuti ufukweni, hakuna mguu unaoingia mpaka auondoe mwenyewe, kwa sababu chumvi changa ni utando tu, kama ule wa juu ya uji uliopoa, na wapita njia wawili watatu wanatosha kuirudisha kwenye maji. Na mtu akifa ndani ya mji ukuti ukiwa umesimama, kuhani haugusi mpaka maiti afunikwe udongo. Akifia ng'ambo ya jiwe jeupe, lile la mpaka wa mji kando ya barabara ya Sege, ziwa halihusiki naye.

Ndugu zake Dakuor walikuwa ng'ambo ya mto Volta, na kwetu mtu hazikwi kabla watu wa kwao hawajamwona. Wakasubiriwa. Watu walikaa ufukweni na vikapu vitupu, wakitazama chumvi wasiyoruhusiwa kuigusa na wingu wasiloweza kulizuia. Jeneza lilikuwa bado linapigwa misumari mvua iliposhuka. Kulipokucha ziwa lilikuwa maji matupu, kana kwamba jua halikufanya kazi yoyote tangu Desemba. Mwaka huo familia nyingi zilikwenda kulima mashamba ya watu, na wengine hawakurudi tena. Mtoto akabaki kwa bibi yake, Adjoyo, na jina ambalo hakubatizwa nalo. Walimwita Mleta-mvua.

Alianza shule ya misheni ya Kanisa la Presbiteri mwaka 1953. Huko ndiko alikokutana na Mwalimu Ocansey, mtu mrefu aliyevaa soksi hadi magotini hata wakati wa joto. Siku moja mwalimu alitia kijiko cha chumvi kwenye glasi ya maji, akakoroga mpaka ikatoweka, akauliza darasa chumvi iko wapi. Wote wakajibu imeisha. Mama akaangua kilio.

"Huyu analia nini?" mwalimu akauliza.

"Mwalimu, huyo ndiye Mleta-mvua," akasema msichana mmoja aliyeitwa Maku. "Yeye ndiye mwenye kuimaliza."

Mwalimu hakucheka. Alimimina yale maji kwenye kisosi, akakiweka dirishani penye jua. "Haijaenda popote," alimwambia mama. "Imejificha tu humo ndani. Jua litayachukua maji yake. Chumvi haliiwezi, ni nzito kwake, litaiacha."

Mama aligeuka mlinzi wa kisosi. Alikataa kwenda kucheza. Akija mtu karibu alikifunika kwa mikono yake miwili, akiogopa asije akakimwagia tone la maji. Hatimaye duara jeupe lilipoonekana kwenye kisosi, mwalimu aliita darasa zima lije kuona, wakakuta kisosi kimelambwa kikang'aa.

"Ushahidi wangu uko wapi, Korlekuor?"

"Nimeula, mwalimu. Ilikuwa chumvi kweli."

Alisimulia kisa hicho kila Krismasi, akikicheka mwenyewe kabla hajafika mwisho. Lakini hofu haikumtoka kwa kulamba kisosi. Kujua na kuogopa viliishi ndani yake kama wapangaji wasiosalimiana. Alijua chumvi haipotei, na alijua pia kwamba mwaka mmoja wa njaa ni mwaka mzima kwa mtu aliye nao. Aliacha shule mwaka 1960, macho ya Bibi Adjoyo yalipoharibiwa na mwanga wa ziwa na pakawa hapana mtu mwingine wa kubeba beseni.

Kazi yake tangu hapo ilikuwa chumvi, na kazi ya chumvi kwa sehemu kubwa ni kungoja. Bahari hulijaza ziwa, mchanga hufunga mlango, halafu upepo mkavu wa kaskazini na jua huyapunguza maji kidogo kidogo mpaka yanayobaki yanateleza vidoleni kama mafuta. Utando hutokea, hukatika, huzama, unatokea mwingine. Wanawake wengine walingoja wakisukana nywele na kusengenya. Yeye alingoja akiwa amekaa juu ya beseni lililopinduliwa, shingo juu, mikono magotini. Mimi na wadogo zangu tulijua kusoma uso wake kabla ya kujua kusoma vitabu. Akikunja kipaji tulikimbia kuanua nguo, na mara nyingi mvua yenyewe haikuja.

Hakuogopa wingu tu. Aliogopa kifo cha mtu yeyote ndani ya mji. Tangu upepo mkavu ulipoanza kuvuma mpaka mvua ya kwanza ya Aprili, alizunguka nyumba za wazee wote na sufuria ya supu ya samaki yenye pilipili nyingi. Mzee akikohoa nyumba ya tatu, mama alikuwa ameshawasha moto. Aliwapasha maji ya kuoga, aliwakanda migongo, aliwagombeza wajukuu wao waliosahau kuwanunulia dawa. Kila mtu alijua kwa nini, na walimtania bila huruma. Bibi Maku, ambaye alikuwa yule yule Maku wa darasani, ndiye aliyezidi.

"Korlekuor, hii supu ni ya mapenzi au ya ziwa?"

"Kunywa."

"Nikinywa nikapona, halafu nikafa mwezi wa tano?"

"Mwezi wa tano kufa unavyotaka. Nitakuchagulia na jeneza."

"Na nikifa leo?"

"Hufi leo. Kunywa, nimesema."

Mgonjwa akizidiwa, mama alikuwa wa kwanza kuita gari impeleke hospitali, mbali, ng'ambo ya jiwe jeupe. Wako waliosema anawapeleka wakapone, na wako waliosema anawapeleka wakafie huko. Nilimuuliza mara moja ni lipi kati ya hayo mawili. Alikuna kichwa akasema hajui, na kwamba mtu anayeogopa hapati nafasi ya kujichunguza. Ninachojua mimi ni kwamba wengi wao walirudi, wakaendelea kumtania.

Alifunga ndoa na baba yetu, Emmanuel Teye Kpabitey, hapa hapa kanisani, tarehe 13 Agosti 1966. Baba alikuwa dereva wa lori la kupeleka chumvi Kumasi. Alimchumbia ufukweni, Februari, mchana kweupe, akiwa amevaa shati jipya na ameshajifunza maneno yake njiani kote kutoka Kumasi. Alipofika katikati aliona msichana hamtazami.

"Unaniangalia mimi au unaangalia wingu?"

"Wingu."

"Mimi sina thamani hata ya wingu?"

"Wewe huwezi kuyeyusha kitu. Endelea kusema, masikio yangu yapo."

Baba aliendelea, na akakubaliwa, ila kwa sharti kwamba harusi isiwe kabla ya mvua kubwa kwisha. Mama yake alifia uzazini wakati wa chumvi, na yeye hakutaka tumbo lake limkute huko. Sijui walipanga vipi, na si kazi ya mtoto kuuliza, lakini sisi wote wanne tulizaliwa kati ya Juni na Novemba. Baba alifariki Oktoba mwaka 2009, ziwa likiwa limejaa hadi kwenye nyasi. Mama alipofuta machozi alisema kwamba Teye alikuwa mtu mwenye adabu mpaka mwisho.

Ugonjwa wake ulianza Novemba mwaka jana. Miguu ilivimba, pumzi ikawa fupi. Daktari alimwambia moyo umechoka na kwamba apunguze chumvi.

"Nipunguze chumvi?" alisema. "Daktari, ni chumvi ndiyo imekuwa ikinipunguza mimi tangu nizaliwe."

Alicheka hadi akakohoa. Tulipotoka nje alinishika mkono kwa nguvu, kucha zikaniingia. Aliniambia nisimrudishe Narhkope. Nimpeleke Tema kwa mdogo wangu Korkor, akae huko mpaka mvua ya Aprili, au mpaka kifo, kitakachotangulia. "Nilipokuja duniani niliwafungia ziwa," alisema. "Nikiondoka nisiwafungie tena. Hilo tu, Dede. Mengine yote fanyeni mnavyotaka, hata mkinizika na gauni lile la kijani." Sijawahi kumwona mtu anayeogopa hivyo bila kuogopa kufa kwenyewe. Kifo alikisema kama mtu anayetaja basi la mchana. Mahali pa kufia ndipo palipomkosesha usingizi.

Alikaa Tema Desemba, Januari, Februari. Mwaka huu ziwa lilichelewa. Maji yalikuwa mengi tangu mvua za mwaka jana, upepo mkavu ulikuja legelege ukakatika mapema, na kufikia mwisho wa Februari wazee wote walikuwa wamekata tamaa. Hata kuhani, Mzee Lawer, alisema mwaka huu hakuna kitu. Tulipompa mama habari hiyo kwa simu aliniuliza mara mbili kama nina hakika. Nilikuwa na hakika. Basi akasema anataka kulala kitandani kwake. Jumapili ya tarehe 3 Machi tulimleta nyumbani, na alipoona maji ya ziwa yamefurika mpaka kwenye nyasi alitabasamu kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi. Bibi Maku alimletea supu siku hiyo hiyo.

"Hii ni ya mapenzi au ya ziwa?" mama akamuuliza.

"Ziwa lenyewe liko wapi mwaka huu? Kunywa."

Halafu ule upepo, ambao tulidhani umeshakwenda zake, ukarudi. Ulivuma mchana kutwa, mkavu, wa kupasua midomo, na jua likakaa juu yetu bila wingu hata moja. Maji yalirudi nyuma kwa namna ambayo sijawahi kuona. Ulikuwa ukiacha jiwe ukingoni asubuhi, jioni unalikuta liko kwenye matope makavu. Mara tukaona utando. Mara ukazama, ukaja mwingine. Mzee Lawer alichomeka ukuti. Watu walikuwa na furaha iliyochanganyika na woga, maana chumvi nene kiasi kile, kipindi kile, mvua zikiwa karibu kubisha hodi, ni kitu cha kuombea usiku na mchana. Kwangu mimi ilikuwa woga mtupu. Nilimtazama mama kitandani, miguu yake imejaa maji, pumzi inakwama kifuani, nikamtazama yule mwanamke aliyeogopa kitu kimoja tu maisha yake yote, na sasa kilikuwa kimemzunguka pande zote. Sisi ndio tuliomleta tukamweka katikati yake.

Tulimficha habari hiyo. Tulikubaliana na majirani kwamba hakuna atakayetaja chumvi dirishani pake. Wanawake walipita kimya, na hata watoto walitii. Kila siku aliniuliza ziwa liko vipi, nami nilimjibu bado ni maji. Kumrudisha Tema tuliogopa, kwa jinsi pumzi yake ilivyokuwa, tukawa tunasema kesho. Nilihesabu pumzi zake kuliko nilivyohesabu kitu kingine chochote.

Jumanne ya tarehe 19 Machi, asubuhi, nilimkuta anaangalia dari.

"Dede."

"Naam, mama."

"Dari imekuwa nyeupe."

"Ni jua tu, mama."

"Jua nalijua. Hilo ni jua lililoangukia chumvi kwanza ndipo likaja humu." Hakuwa amekasirika. "Ukuti umesimama?"

Nilichukua kitambaa cha kumwoshea.

"Ita gari," alisema. "Sasa hivi, mwanangu. Usinioshe."

Nilimtuma mdogo wangu Narh akamtafute Sakite, dereva wa teksi, ambaye alikuwa amepeleka abiria Sege. Kungoja lile gari kulikuwa kurefu kuliko kungoja kote nilikowahi kufanya kando ya ziwa. Mama alikuwa amefumba macho na anapumua kwa mdomo, taratibu, kama mtu anayejaribu kutumia kidogo. Sakite alipofika hakuzima injini. Tulimbeba mama juu ya mkeka wake, Narh kichwani, mimi miguuni. Tulipofika kizingitini pumzi yake ilibadilika, ikawa ile ambayo kila mtu anaijua hata kama hajawahi kuisikia. Tukamlaza pale pale mlangoni. Gari lilikuwa linanguruma hatua chache kutoka kichwani pake. Macho yalikuwa bado yamefumba.

"Tumevuka jiwe?" aliuliza.

"Tumevuka, mama."

"Vizuri," alisema. Akashusha pumzi, na hakuivuta nyingine.

Nilimfunika. Kabla sijasimama Mzee Lawer alikuwa ameshaingia uani, na nyuma yake nusu ya mji. Hakuna aliyelia bado. Wote walikuwa wananitazama mimi.

"Kafia wapi?" Mzee Lawer aliuliza.

Sakite akadakia. "Mzee, injini ilikuwa imeshawaka."

"Sikuuliza injini. Dede, mama yako kafia ndani ya gari? Gari lilikuwa linakwenda?"

Aliuliza polepole, kama mtu anayemshikia mlango mwenye mzigo. Mzee Lawer naye ana wajukuu wanaokula kwa chumvi hiyo, na supu ya mama ameinywa miaka mingi. Nilijua anachonitakia. Mkeka ungeweza kuwa umefika kwenye kiti cha gari, kiti kingeweza kuwa kimefika kwenye jiwe, na hakuna ambaye angeuliza zaidi. Niliogopa kusema uongo mbele ya kuhani wa ziwa, na niliogopa kusema kweli mbele ya watu wenye njaa. Kweli ikawahi kunitoka.

"Kafia hapa mlangoni, mzee. Juu ya mkeka huu."

"Una hakika."

"Nina hakika."

Alivua kofia. "Basi ukuti unasimama," alisema. Hapo ndipo watu walipoanza kulia, na sikuweza kujua wanamlilia nani.

Kaka yenu Tetteh yuko Hamburg, mnamfahamu. Nilimpigia simu. Alilia, kisha akaanza kupanga. Kwetu mtu wa umri wa mama hupelekwa mochwari, miezi ikapita, mahema yakakodiwa, vitambaa vya sare vikashonwa, na mazishi yakawa Jumamosi yenye watu kutoka kila kona.

"Mpelekeni mochwari, dada. Mimi napata likizo mwezi wa nane. Mama hawezi kufukiwa kama kuku aliyegongwa barabarani."

"Tetteh, chumvi imelala."

Akaacha kupanga.

"Imelala kiasi gani?"

"Mpaka kwenye mikoko ya upande wa pili."

"Na mvua?"

"Kuna wingu baharini tangu asubuhi."

Nilisikia honi za magari ya huko kwao. "Mwenyewe alijua?" aliuliza.

"Alijua. Alikufa akikimbilia garini ili asiwafungie watu ziwa."

"Mzikeni," alisema. "Mzikeni upesi mnavyoweza. Mimi nitalia huku huku." Akakata simu, kisha akapiga tena kuniuliza kama gauni la kijani lipo. Lipo, na ndilo alilovaa.

Watu wa Dakuor, wale wa ng'ambo ya Volta, walifika leo Jumatano kabla hata hatujapata fundi wa jeneza. Hawakuitwa mara mbili. Mjomba mkubwa aliposhuka garini alisema hawakutaka kusubiriwa tena katika mji huu, akaomba nyundo.

Bibi Maku alikuja kumwosha. Aliosha nyayo zake kwa muda mrefu, zile nyayo zilizokatwakatwa na fuwele za chumvi, akawa anazungumza nazo badala ya kuzungumza nami.

"Mimi ndiye niliyemkazia lile jina," alisema. "Na chumvi ya mwaka aliozaliwa haikwenda popote. Ilikuwa humo humo kwenye maji. Mwaka uliofuata ililala nene mara mbili, mama yangu alinisimulia. Nilijua tangu siku ya kisosi."

"Mbona hukumwambia, bibi?"

Aliikausha miguu, mmoja, halafu wa pili.

"Supu ilikuwa tamu," alisema. "Angeacha kuogopa, nani angeniletea?" Kisha alilia kwa sauti, mtu ambaye sijawahi kumwona akilia.

Mama ameacha watoto wanne: mimi Dede, Tetteh wa Hamburg, Korkor wa Tema, na Narh ambaye mko naye hapa. Ameacha wajukuu kumi na mmoja na kitukuu mmoja, aliyepewa jina lake, na ambaye kwa bahati alizaliwa Septemba. Ameacha watu wa kwao wa ng'ambo ya Volta, waumini wenzake wa kanisa hili, wazee wote wa Narhkope waliotoka kwenye misimu yake ya supu wakiwa hai, na Bibi Maku. Mnisamehe kwamba karatasi hii ni moja tu na haina picha ya rangi. Mnisamehe kwamba ni Alhamisi na hakuna hema. Mchungaji ameahidi mahubiri mafupi. Tunamshukuru, na tutamkumbusha.

Sasa hivi nimesikia ngurumo. Huenda ni lori la mawe barabarani. Naogopa, na sioni haya kusema, maana nimelelewa na mtu aliyeogopa kila mwaka na kila mwaka akaamka akabeba beseni lake.

Makaburi yetu yako ng'ambo ya jiwe jeupe. Jeneza likifika hapo nawaomba wabebaji wasimame kidogo. Nitainama nimwambie mama tena kwamba tumevuka, na safari hii itakuwa kweli. Udongo ukishamfunika, Mzee Lawer ataondoka kwenda kuung'oa ukuti. Msingoje chakula, msingoje kutushika mikono. Mabeseni yenu nimeyaona yamepangwa nyuma ya kanisa, yamefunikwa vitambaa kwa heshima, na langu limo, lile alilokuwa akikalia. Nendeni mkavune. Sisi wa familia tutawafuata.

Mama Korlekuor, apumzike pakavu.